Swala Aliyesimama

Nyama ilikuwa motoni tangu asubuhi, jua sasa limepita utosi, na bado ilikuwa mbichi.

"Huyu alikuwa bibi wa swala wote," shangazi alisema akiichoma kwa uma. "Au kuni zimechoka kunitumikia."

Kaka alicheka peke yake. Mimi nilikuwa natazama mlango wa chumba cha baba.

Kwetu, msimu wa kuwinda huanza kwa kufunga. Mkubwa wa nyumba hali kitu, maji tu, mpaka mawindo ya kwanza yaive. Baba alirithi hivyo kwa babake. Husema anayetoa uhai wa kiumbe cha Mungu lazima kwanza aonje njaa inayompeleka porini. Miaka mingine alifunga siku moja, mbili. Mwaka huu ilikuwa ya tano. Macho yake hayawezi tena kulenga, ndiyo maana tulikwenda sisi wanawe. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimnywesha maji, kikombe kikimgonga meno.

"Baba, japo uji."

"Nimeahidi, mwanangu. Ahadi haijui ugonjwa."

Kuna sharti la pili. Kabla nyama haijatiwa chunguni, aliyeua huweka kiganja juu ya ngozi na kueleza, mbele ya watu wa nyumba na mbele ya Mungu, mnyama alikufaje. La tatu husemwa mara moja tu: mnyama asiyekimbia hapigwi. Aachwe. Hujui ametumwa na nani.

Asubuhi ile tuliporudi, kaka ndiye aliyeweka kiganja. "Alitusikia, akatimka. Nikampata akiwa mbioni. Mungu ashukuriwe." Kisha akauondoa mkono upesi, akaupangusa kwenye suruali.

Shangazi alifunua chungu. Maji yalikuwa yanatokota, mvuke ukitupiga usoni. Nilitoa kipande kwa mwiko, nikakigusa. Nimesomea kazi ya maabara miaka mitatu. Najua maji ya moto huifanya nini nyama. Kipande kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na kilidondosha tone la damu nyekundu.

"Gusa, shangazi."

Aligusa. Mzaha ukamwisha.

Nje, chini ya dirisha la jikoni, kitu kilikuwa kinatembea kwenye saruji. Tak, tak. Kikasimama.

"Mbuzi wa jirani," kaka alisema.

"Jirani hana mbuzi," shangazi akajibu polepole.

Kaka akanivuta nyuma ya mlango. "We Kimya," alininong'oneza. Ndilo jina alilonipa utotoni kwa haya zangu. "Usithubutu."

"Baba atakufa."

"Ukisema, hataigusa kabisa, ndipo atakufa. Mimi mtu wa gereji, kila siku nawaambia watu gari litakuwa tayari kesho. Uongo mmoja zaidi hautanivunja mgongo. Niachie mimi."

Alikuwa ananikinga, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaenda sebuleni. Ngozi ilikuwa imetandazwa kwenye benchi. Baba alitoka chumbani akimwegemea shangazi, akaketi. Miguu ilitaka kunikimbiza, lakini niliweka kiganja. Ngozi ilikuwa ya joto. Chini yake kitu kilipanda na kushuka taratibu, kama ubavu wa aliyelala.

"Si kaka," nilisema. "Ni mimi."

Nikaendelea kabla sauti haijanitoroka. "Swala alisimama hatua kumi na tano mbele yetu, akitutazama. Kaka alishusha bunduki, akasema tumwache. Nikampokonya." Mimi ninayeziba masikio kuku akichinjwa. "Nilisikia kikombe kikigonga meno yako, baba. Nikapiga. Hata baada ya mlio hakukimbia. Alinitazama, kisha akapiga magoti ya mbele, polepole, kama mtu anayeanza sala."

Kaka aliinamisha kichwa. Baba alinigeuzia uso.

"Ulimwomba radhi?"

"Hapana. Niliogopa."

"Mwombe."

Niliinama hadi paji la uso likagusa manyoya, nikamwambia. Sitaandika maneno yale, yalikuwa yake. Chini ya kiganja changu pumzi ilitulia, joto likaondoka, ngozi ikawa ngozi.

Harufu ya mchuzi ikaingia sebuleni. Shangazi alikimbilia jikoni. "Imeiva!" alipiga ukelele. "Jamani, inaachana na mfupa!"

Baba alichukua kipande cha kwanza, akakigawa, nusu akaniwekea mkononi. "Sharti umelivunja, na mzigo ni wako," alisema. "Ila mzigo uliotajwa hubebeka." Akamshukuru Mungu, akala. Taya zake zilikwenda taratibu, rangi ikimrudi usoni. Mimi nilitafuna huku machozi yakinitia chumvi mdomoni.

Baadaye nilitoka nje. Nyayo za kwato, za tope bichi bado, zilianzia getini zikaja juu ya saruji mpaka dirishani. Za kurudi sikuziona. Nilijaza maji bakuli, nikaliweka pale chini ya dirisha, nikarudi mezani.

"La nani bakuli lile?" kaka aliuliza; alikuwa ameniona nikiliweka.

Kabla sijamjibu, tulisikia kitu kikinywa nje, kwa kiu ya safari ndefu. Baba aliweka kipande chake chini. Hakuna aliyetafuna wala kuinua macho mpaka kilipomaliza.