Daktari wa Maneno na Bakuli la Shaba
Mtu aliyetumwa kunitahini ufundi wa shaba hakuwa na sugu hata moja kiganjani. Tulimwita Daktari wa Maneno, mbele yake kwa heshima, nyuma yake kwa kicheko. Bila cheti chake nisingeruhusiwa kufundisha karakanani, na nafasi ilikuwa moja tu.

Akaniuliza kufulika kwa metali ni nini. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe, maana debe tupu haliachi kuvuma. Kiarabu, akasema, husema ni kukubali kugongwa. Kilatini kimeficha nyundo ndani ya neno. Kijerumani kimemtia humo mhunzi mzima mzima. Lugha zote tatu zilimzidi akili, kwani yeye kwenye kitabu chake cha mitihani ameandika: uwezo wa metali kubadilishwa umbo bila kikomo.

Nikamwambia kikomo kipo. Shaba ikigongwa sana hukakamaa, nawe huirudisha motoni mpaka iwe nyekundu, ndipo ikubali tena. Bakuli langu la mtihani lilikuwa limefika nusu na tayari lilikuwa limeanza kukataa, nikalipeleka tanurini. Akanizuia. Moto, akasema, haumo kwenye fasili.

Nikamtazama Baba Mdogo, msimamizi wa karakana, ambaye ndiye aliyenifundisha huo moto. Daktari naye akamgeukia, akamuuliza kama moto unahitajika.

“Kama Daktari anavyosema,” akajibu, macho kwenye viatu vyake.

Miaka arobaini ya ufundi, na uti wa mgongo usiomtosha hata dagaa.

Nikagonga. Pigo la kumi na moja, ukingo ukapasuka mpaka kitakoni. Daktari akaliokota bakuli, akaligeuzageuza kama anayejua anachokitafuta, akatangaza kuwa shaba ni mbovu. Akaijaza fomu hivyo hivyo: kosa si la mtahiniwa wala la mtahini. Msimamizi akitia saini, nami nikitia, cheti ningeondoka nacho siku hiyo hiyo.

Shaba ile niliichagua mwenyewe. Haikuwa na doa.

Baba Mdogo akatia saini bila kusoma, akanisukumia kalamu.

“Saini, mwanangu. Yaishe.”

Nilimdharau kwa moyo wangu wote, muda wote niliokuwa nikiandika jina langu chini ya lake.