Mkwe Wangu na Serikali Ndogo

Mkwe wangu Justus, mume wa binti yangu Getruda, ni fundi seremala, na katika ufundi wake sina la kumlaumu. Kitanda alichonitengenezea hakijatoa sauti mpaka leo. Ila alikiacha nje ya mlango wangu akaondoka kabla sijatoka, maana kwetu Unyamwezi mwanamume hakai pamoja na mama mkwe wake. Hasimami naye mahali pamoja, hali chakula mbele yake, hamsemeshi uso kwa uso. Wakikutana njiani, mwanamume huingia porini mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima. Na dada za mama mkwe nao ni mama wakwe, na binamu zake vilevile, kwa hiyo mwanamume aliyeoa ukoo mkubwa hutembea kwa hadhari. Justus ana heshima kupita wenzake. Mwaka wa mvua nyingi aliniona ninakuja, akaingia dimbwini mpaka kiunoni, na msumeno wake begani.

Maneno ya serikali ndogo yalianzia kwake, chini ya kile kibanda anachorandia mbao. Ilikuwa mwaka 1955. Kila nyumba ililipa ushuru wa baraza, mbali na kodi ya kichwa, na kila mavuno tulipeleka mtama katika ghala la mtemi. Boma la Tabora likatuma habari kwamba watu wakitaka ushuru upungue, wachague wenyewe kitu cha kuondoa. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa Boma, angekuja mwenyewe kuhesabu.

Getruda ndiye aliyeniletea habari, akinitwangia.

"Mama, anasema serikali imeota mikono mingi, na kila mkono una mdomo wake."

"Anasema vizuri. Mikono gani?"

"Tarishi. Mlinzi wa mbung'o." Akatwanga kidogo. "Na mtama wa wajane."

Mtama huo ulikuwa madebe mawili kwa kila mjane, mwezi wa Januari. Shamba langu ni mchanga mtupu. Chakula changu kilikuwa kikiisha Krismasi, na madebe yale mawili ndiyo yaliyonifikisha kwenye mahindi mabichi. Bila hayo ningelazimika kuifunga nyumba yangu, nyumba niliyoijenga na marehemu Bernardo kwa mikono yetu, na kwenda kulishwa.

"Na sisi wajane tutakula nini?"

"Anasema kila mjane ana watoto."

"Mimi nina mtoto gani?"

"Mimi."

"Na wewe unakaa wapi?"

Getruda akaacha kutwanga. Nyumba yao ina vyumba viwili na mlango mmoja.

"Ulimwambia hilo?"

"Nilimwambia. Akasema hayo ni mambo ya nyumbani, na hili ni jambo la nchi."

Siku ya kura tulikusanyika barabarani. Barabara yetu ni ile ile ya zamani, waliyopita wapagazi na pembe zao kwenda Ujiji na kurudi, nayo inakikata kijiji katikati. Mwanangwa Ambrosi, mkuu wa kijiji, akatangaza: anayetaka kitu kiondolewe asimame upande wa kusini, anayetaka kibaki asimame kaskazini. Kila mwenye nyumba aliyeandikwa katika daftari la ghala alikuwa na kura, na sisi wajane saba tuliandikwa. Bwana Shauri alikaa kwenye meza iliyowekwa katikati ya njia. Alikuwa mtu mpole, Kiswahili chake kizuri ila cha polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Akauliza kwanza kwa jumla. Nani anataka serikali ndogo na ushuru mdogo?

Kijiji kizima kikavuka kwenda kusini. Hata Abbasi, tarishi wa baraza, alivuka na kofia yake ya kazi.

"Wewe unakuja huku kufanya nini?" Justus akamwuliza. "Wewe ndiwe tunayekuondoa."

"Nataka ipungue," Abbasi akasema. "Sikusema ianzie kwangu."

Basi wakaanza naye. Justus akasema kazi ya tarishi ni kutembea jua kali kumletea mtu samansi asiyoitaka. Watu wakacheka, wakakubali. Kisha mzee mmoja akauliza nani atakayeleta barua za vijana walioko mkonge wa Tanga. Mwingine akasema, na nani atakayezisoma. Mke wake, toka kibarazani, akasema Abbasi huzisoma vizuri, habari mbaya huziacha kwa siku nyingine. Mmoja akavuka kurudi kaskazini, wakafuata wawili, na kabla Bwana Shauri hajamaliza kuandika, kusini alikuwa amebaki Justus na wanaume wanne waliokuwa na kesi.

Wakamgeukia Ngollo, mlinzi wa mbung'o. Yeye hukaa kwenye kizuizi na wavu wake mdogo, kila baiskeli ikipita anaipungia wavu huku na huku, anakagua chini ya kiti, anasema pita.

"Mtu mzima analipwa kukamata nzi," Justus akasema, na watu wakavuka tena kwenda kusini.

"Kweli," Ngollo akasema. "Niondoeni. Wavu nitauacha kwa mwanangwa. Ng'ombe wenu nitawakumbuka katika sala."

Wenye ng'ombe wakatazamana. Wakarudi kaskazini kwanza wao, kisha wenye mbuzi, kisha wale wanaotarajia kuwa na mbuzi.

Bwana Shauri akajifuta jasho. "Mlisema mnataka serikali ndogo."

"Ndiyo, Bwana," wote wakaitika, na hapakuwa na hata mmoja aliyesitasita.

"Sasa ipungue wapi?"

Ndipo Justus akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba bado kuna ule mtama wa wajane.

Hapo hakuna mzee aliyeuliza swali. Tarishi ana kofia na mbung'o anauma, lakini sisi tulikuwa wanawake saba na bakora mbili. Watu wakaanza kuvuka kwenda kusini, mmoja mmoja, wakitazama chini kama wanaotafuta kitu kilichoanguka. Ushuru ulikuwa lazima upungue mahali fulani, na mahali pamepatikana. Wake zao walibaki vibarazani, hawakuwa na kura.

Mimi nilikuwa kaskazini na Bernadeta, mjane mwenzangu, mwenye wakwe watatu na ulimi unaowatosha wote.

"Mwenzangu, ndiyo imekwisha," akaniambia. "Mimi nitakwenda kwa mkwe wa kwanza. Yule ana paa la bati."

Nilikuwa ninamwangalia Justus ng'ambo ya barabara. Alisimama mbele kabisa, kifua wazi, amefurahi, na aliweza kusimama hivyo kwa sababu barabara ilikuwa kati yetu. Nikatazama waliokuwa nyuma yake. Kulikuwa na mume wa mtoto wa dada yangu. Kulikuwa na wale watatu wa Bernadeta, wamejipanga pamoja. Niliwapitia mstari mzima kwa macho. Kisha nikasali Salamu Maria moja, fupi, nikavuka barabara kwenda kusini.

Justus aliniona nilipofika katikati. Akafikiri ninapita. Nilipofika ukingoni akatazama kushoto, akatazama kulia, akarudi nyuma akamkanyaga mtu. Nami nikasimama pale pale alipokuwa amesimama yeye, nikatulia. Hakukuwa na pori la kuingia. Kulikuwa na upande mmoja tu uliobaki duniani, nao ni kaskazini. Akaenda, mbio za mtu anayejifanya hakimbii. Mume wa mtoto wa dada yangu akamfuata.

Bernadeta alichukua muda mdogo sana kuelewa. Alivuka na bakora yake, akikohoa ili watu wamsikie.

"Hodi, wakwe zangu," akasema. "Nimekuja tuungane kuipunguza serikali."

Wale watatu waliondoka pamoja kama kanga. Wajane watano waliobaki nao wakaja, polepole, na kila mmoja alipofika kundi la wanaume lilipasuka. Bernadeta alikuwa akitembea ndani ya mstari, akisalimia. Ukoo wetu ni mkubwa na binti zetu wameolewa karibu. Mwisho tulibaki kusini sisi saba, kapera mmoja mzee asiye na wa kumkwepa, na mpishi wa Bwana Shauri, ambaye hakuwa anapiga kura bali alifuata kivuli.

Kaskazini walijaa mpaka wengine wakasimama shambani kwa watu.

Bwana Shauri alihesabu mara mbili. Kisha akasimama akavua kofia. Akasema amefanya kazi katika nchi nyingi, lakini hajawahi kuona wajane maskini wakikataa chakula chao ili kuwapunguzia wengine mzigo, na wanaume wakakataa kuwaachia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni vumbi peke yake. Mwanangwa Ambrosi alijua kila kitu. Mke wake ni mtoto wa dada yake Bernadeta. Lakini alitazama vidole vya miguu yake. Angeeleza vipi? Ingembidi amtaje mama mkwe mbele ya mama mkwe. Mtama ukabaki, ushuru ukabaki, watu wakatawanyika wakiulalamikia.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Padri akaniuliza kama nilisema uongo. Nikasema sikusema neno lolote.

"Ulifanya nini basi?"

"Nilisimama tu, Baba."

Alikohoa muda mrefu nyuma ya kile kitambaa, akanipa malipizi madogo.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Novemba Abbasi alituletea barua ya Boma, akaisoma, na hii hakuweza kuiacha kwa siku nyingine. Mtama wa wajane unaendelea, ilisema barua. Ila wale wajane saba waliosimama wenyewe mbele ya watu kusema hawauhitaji, wanashukuriwa sana, na majina yao yamefutwa ili wapewe wengine wenye shida zaidi.

"Wengine gani?" Bernadeta akauliza. "Wajane ni sisi saba."

"Haikuandikwa," Abbasi akasema.

Krismasi ikapita, na mtama wangu ukaisha kama kawaida yake. Baada ya sikukuu ya Mamajusi nilifunga mlango wangu kwa kamba, nikachukua mkeka, chungu na rozari, nikaenda kwa Getruda. Sikwenda kumkomoa mtu. Nilikuwa na njaa. Njiani nililia kidogo, kisha nikajifuta, kwa kuwa mtu haingii kwenye nyumba ya watu analia.

Justus alikuwa anarudi kisimani na baiskeli. Aliona mkeka wangu mlangoni, akageuza baiskeli pale pale.

Siku ya kwanza alikula kwenye kibanda chake cha kazi na akalala humo, juu ya maranda. Siku ya pili vilevile. Alitaka shati lake jingine, akamtuma jirani; jirani naye ameoa kwa binamu yangu, akaishia kwenye uzio. Siku ya tatu mvua ilinyesha, na kibanda kile hakina kuta. Getruda alimpelekea uji, akarudi anajizuia kucheka.

"Anasemaje?"

"Anauliza utakaa mpaka lini."

"Mwambie mpaka mahindi mabichi."

Siku ya nne alfajiri Justus alipanda baiskeli kwenda Tabora, na wale watatu wa Bernadeta nyuma yake. Hali yao haikuwa bora. Bernadeta alikuwa amekwisha hamia kwenye paa la bati. Yaliyotokea Boma nilisimuliwa na Abbasi, aliyekuwapo amesimama na barua zake.

Bwana Shauri alimkumbuka Justus mara moja. "Wewe ndiwe uliyetaka serikali ndogo."

"Ndimi, Bwana. Na bado nataka."

"Umekuja kuomba nini?"

"Nimekuja kuomba mtama wa wajane saba urudi."

Bwana Shauri akaweka kalamu chini. "Fundi, hiyo si serikali ndogo."

"Ni ndogo, Bwana. Madebe kumi na manne tu. Lakini yakiondolewa, mama anaingia ndani na mimi ninatoka nje. Nimelala kwenye maranda siku tatu. Serikali ipungue, naomba, lakini isipungue mpaka mimi nikakosa kitanda nilichotengeneza mwenyewe."

"Kwa nini usikae naye ndani?"

Abbasi anasema hapo wakwe wote wanne walitazama sakafu, na ilibidi yeye tarishi aeleze, kwa kuwa hakuoa kwetu. Alianza na njia na pori, akamaliza na siku ya kura. Bwana Shauri alimsikiliza mpaka mwisho. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa wa ile siku, akausoma tena yeye peke yake. Akafunika uso kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika. Kisha akachukua kalamu akaandika majina saba.

Jioni ile nilikuwa ninachambua maharage uani nikasikia baiskeli nyuma ya uzio wa matete. Getruda alikuwa mtoni. Palikuwa na kuku mmoja tu kati yetu.

"Wewe kuku," Justus akasema toka nyuma ya matete, "mwambie mama jina lake limerudi. Madebe mawili, Jumatatu, ghalani."

"Kuku," nikasema, "mwambie baba nimesikia, Mungu ambariki. Kesho asubuhi ninakwenda kwangu."

Nilisikia anashusha pumzi. Hakuondoka, hata hivyo. Alikuna matete kwa ukucha.

"Kuku, mwulize mama. Mwaka huu wanasema kutakuwa na kura nyingine, ya kumchagua mjumbe wa baraza. Mimi nitasimama. Mwulize kama mama atakuwa upande wangu."

Nikafikiri kwa haki. Ni fundi mzuri, na alikuwa ameendesha baiskeli siku nzima kwa ajili ya madebe yangu.

"Mwambie nitamwombea ashinde," nikamwambia kuku. "Ila kura yangu itabidi nimpe mwingine, watu wa upande wake wasije wakamkimbia."

Kuku akadonoa punje. Nyuma ya matete Justus alisema asante, kwa sauti iliyotoka moyoni, nami nikaingia ndani kukunja mkeka.