Vibuyu Vyenye Sili

Nimelala miji mingi, lakini mtu wa kuchagua ubovu kwa makini nilimwona Guangzhou, mwaka tisini na nane.

Msabaha alikuwa na chumba pale jengo la Tianxiu, nami nilijibanza kwenye kochi lake nikisubiri viza. Bi Mwatima, mfanyabiashara mzito wa Unguja, alikuwa anatafuta wakala mmoja tu wa kumpakilia makontena yake bandarini. Msabaha aliutaka uwakala ule mpaka akakosa hamu ya kula, maana Abubakary wa ghorofa ile ile naye alikuwa anaunyemelea. Akasikia bibi yule hapatani na mbu. Basi akanikokota hadi soko la maua, kumtafutia zawadi: ule mmea unaokula wadudu, wenye vibuyu vinavyoning'inia na maji ndani. Mdudu akiteleza, kwaheri.

Vibuyu vingi vilikuwa wazi. Msabaha akabetua mdomo. "Hivi vimeshafunguliwa, mzee. Mtumba." Pembeni akaona vilivyozibwa kwa utando mweupe. Macho yakamtoka. "Unaona? Sili ya kiwanda!"

"Kiwanda gani cha majani? Na punje hizi nyeusi? Naona kama mavi."

"Dawa hiyo. Wewe umetembea sana, ila kununua hujui."

Muuzaji akatikisa kichwa, akamsukumia vilivyo wazi. Msabaha akaninong'oneza, "Laoban, huyu mwenye duka, anaficha mali nzuri!" Akabeba vyote vyenye sili.

Bi Mwatima akaja, chumba kinanukia udi. Msabaha akampa mkasi kwa mikono miwili. "Orijino, mama. Kata sili mwenyewe."

Akakata. Nondo akachomoka, akatua kwenye ushungi wake. Akakata cha pili: kiwavi mnene, ameutafuna ukuta wa kibuyu kwa ndani, umebaki kama karatasi.

"Huyu anaishi tumboni mwa mla wadudu?"

"Inaelekea, mama."

"Anamla, na mlango amejifungia asisumbuliwe?"

Msabaha akawa anamfukuza nondo kwa kofia.

"Mwanangu, kontena langu likipigwa sili, mimi niko Unguja. Nataka mtu aliyetazama ndani kwanza. Wewe umetazama sili." Akachukua mkoba. "Mlango wa Abubakary ni upi?"

Nikamwonyesha mimi.

Kesho yake nilimkuta sakafuni na vibuyu vipya, vizima, vilivyo wazi. Alikuwa anaviziba midomo kwa selotepu, kimoja kimoja.

"Wateja wanapenda sili, mzee," akasema. "Hebu nishikie hapa."