Majivu ya Mzee Ephantus

Krr, krr, krr. Kabla hakujapambazuka, mama yako Kamene alikuwa mlangoni akisugua sufuria. Majivu kidogo, maji kidogo, kipande cha gunia. Vumbi jepesi la kijivu lilielea kwenye mwanga wa koroboi, likatua juu ya blanketi letu. Mkono wangu ulikuwa tumboni pako, Wayua, pale palipokuwa pakikuuma. Nikaisikiliza ile sauti, nikaipenda. Nilidhani ni sauti ya usafi.

Mimi ni susu wako, bibi yako mzaa mama, wa Kibera, wa Kisumu Ndogo. Nilihamia kwenu Kawangware kwa sababu ulikuwa umeanza kupotea ungali mbele ya macho yetu. Ulikuwa ukiimba, ukaacha kuimba. Ulikuwa ukiwaita majirani kwa majina, ukaanza kuwatazama tu, kama mtu anayetazama mvua. Tumbo likakushika, likakuachilia, likakushika.

Na yale majivu yalitoka wapi? Yalitoka nyuma ya ukuta, katika yadi wanamoyeyusha betri kuukuu za magari. Yalitoka kwenye ndoo ya Mzee Ephantus, mwenye ploti tunayopanga, aliyewakodishia watu hiyo yadi. Kila Jumamosi alipita mlango kwa mlango, kofia kichwani, akitugawia kwa mkebe. "Mama Wayua, haya ni laini kuliko ya makaa. Sufuria itakuwa kioo." Na kweli ikawa kioo. Tulijitazama humo tukacheka.

Ni yeye huyo huyo aliyekubeba. Siku uliyotetemeka mwili mzima, alikutoa mikononi mwa mama yako, akakufunika koti lake, akaendesha pikapu huku akipiga honi mpaka hospitali. Wema kama huo nauona hata nikifumba macho.

Hospitalini wakapima damu yako. Halafu akaja Nereah, msichana wa kikundi cha mazingira, wale wanaopigania watu wanaoishi karibu na sumu. Akatueleza polepole, kama anayepitisha uzi kwenye sindano. Damu yako ina risasi, madini yale wanayoyeyusha kwenye yadi. Yamo kwenye moshi. Yamo zaidi kwenye majivu. Yakizidi kuingia yatakula akili yako. Kikundi chake kimeitisha mkutano kwenye uwanja wa kanisa, ili yadi ifungwe.

"Susu, utasema?"

Niseme nini? Sijui, Wayua. Mkono uliokubeba ndio uliotuletea ndoo. Nikiushukuru nakusahau wewe. Nikiuuma naisahau pikapu. Nilikwenda soko la Toi kukutafutia sweta, nikajikuta nimesimama kwenye lundo la makoti ya wanaume, nikipapasa moja linalofanana na lake.

Siku ya mkutano, vijana wa yadi walisimama mbele, Mzee Ephantus kando yao. Collins, anayepasua betri kwa shoka, akanipazia sauti: "Shosh, hiyo yadi ndiyo inatulisha! Ikifungwa tukule hewa?"

"Hewa gani, Collins," mwanamke mmoja akamjibu, "na vile unakohoa kama jenereta ya kinyozi?"

Watu wakacheka. Collins mwenyewe akacheka, akakohoa. Watu wakacheka zaidi, kisha wakaacha.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno ya hasira na maneno ya shukrani. Yote yakanikimbia. Nikauliza lililonijia. "Mzee Ephantus, asante kwa kumbeba mtoto wetu. Kwako nyumbani, mnasugulia majivu gani?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina la mama yake. "Hayo hayo. Ningewapa watu kitu mimi situmii? Rahab anasugulia sufuria zote. Hata kikombe cha Ian."

Rahab ni mkewe, na Ian ni mjukuu wao, rika lako. Nereah aliinamisha kichwa. Nikaona jambo likimfikia mzee kutoka mbali, kama mtu anayekuja barabarani, humtambui, humtambui, halafu unamtambua. Akavua kofia. Akaondoka bila kuaga, na jua halijazama geti la yadi likawa na mnyororo.

Wengine walinishika mkono kwa furaha. Sijui, Wayua, kama ilikuwa furaha. Collins alipita mlangoni kwetu na vyombo vyake ndani ya gunia, hakunisalimia. Halafu akarudi. "Shosh, watoto wasicheze kwa ule mtaro wa nyuma. Huko ndiko tulikuwa tunamwaga maji ya betri. Usiseme ni mimi." Na huo nao ni wema. Niuweke wapi?

Sasa daktari anasema sumu inapungua katika damu yako. Kuhusu nyimbo, anasema tungoje. Nakuimbia. Unatazama mdomo wangu.

Jana nilikwenda kwa Rahab, kwenye ile nyumba ya mawe mwisho wa ploti, na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, limefunikwa kwa kitambaa. Nilidhani atanifukuza. Ian alikuwa amelala kwenye kochi. Damu yake imepimwa, ikaonekana kama yako. Kabla sijamuuliza habari zake, Rahab akaniuliza zako. Ulikuwa ukilalia upande gani tumbo likiuma. Ulianza lini kula tena. Nilimweleza yote ninayoyajua, naye akasikiliza kama anayesomewa Injili. Nje tulisikia viatu vya mzee vikienda na kurudi, vikienda na kurudi, visiingie.

Nilipoondoka alinisindikiza mpaka getini, akanishika mkono, hakuuachilia.

"Mama Kamene, mimi sijui kama nikukasirikie ama nikushukuru."

"Hata mimi sijui, Rahab."

"Basi uje tena. Uje na Wayua. Usingoje nikuite."