Saini Juu ya Vanishi

Nilipewa kazi ya kumsafisha Shujaa, picha ya ukumbini, kwa sababu hakuna mwingine chuoni aliyeiweza. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuharibu picha ndogondogo zisizo na mwenyewe.

Shujaa ana urefu wa mlango. Ameshika mkuki, na kidole gumba cha mguu wake wa kushoto hakina ukucha. Wageni hukisifu sana kidole hicho. Ni cha marehemu baba yangu, mwashi, tofali liliwahi kukiangukia. Alisimama Jumapili kumi na moja ameshika mpini wa ufagio, huku dada yake, shangazi yangu, akimchora kwa ajili ya mtihani wake wa mwisho hapa hapa chuoni.

Utaratibu wa wakati huo ulikuwa kwamba mwanafunzi haweki saini mpaka afaulu, na Profesa anayemfundisha hupitisha brashi yake kurekebisha. Kwa Shujaa alirekebisha mng'aro wa ncha ya mkuki. Kisha akamfelisha shangazi, picha ikabaki kwa Profesa. Mwaka uliofuata ikatundikwa ukumbini kwa jina lake. Nyumbani walimtania shangazi kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi sikuamini wala sikukataa.

Nilianzia pembeni: pamba kwenye kijiti, dawa kidogo, nafuta, natupa. Vanishi kuukuu hutoka na rangi ya chai. Siku ya nne nikafika kwenye saini, pamba ikatoka nyeusi. Rangi aliyoipaka shangazi haikutikisika. Saini ndiyo iliyokuwa ikiondoka na vanishi. Basi iliandikwa juu ya vanishi, picha ikiwa imekwisha kukauka zamani. Chini ya saini palikuwa na majani ya kuchorwa tu.

Nilimpigia simu shangazi nikamweleza. Akauliza watu huvaa nini kwenye maonyesho ya chuo.

Mkuu wa chuo alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Fundi, umeajiriwa kufuta uchafu, si kufuta watu."

"Mkuu, aliyeandika siye aliyechora."

"Aliyechora nani?"

"Shangazi yangu."

Akacheka kidogo. "Hata mimi nina shangazi. Maonyesho ni Ijumaa, na ukumbi wenyewe unaitwa kwa jina la Profesa. Irudishe saini. Au niandikie barua ya kuacha kazi, karatasi hiyo hapo."

Saini nilikuwa nimeipiga picha kabla ya kuanza, kama kawaida yangu. Nikairudisha herufi kwa herufi. Shangazi sikumpigia tena.

Ijumaa alikuja na gauni jipya. Alikitazama kwanza kidole cha kaka yake, kwa muda mrefu. Kisha akaegemea fimbo, akainama kwenye kona ya chini, akasoma.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi, shangazi."

Akaikagua tena taratibu, kama mwalimu anayesahihisha.

"Umepatia, mwanangu. Profesa mwenyewe hakuwa akizikunja herufi vizuri hivi." Akainuka. "Baba yako miguu ilikuwa inamvimba. Namwambia kaa, hataki."

Akanipa fimbo nimshikie. Akafunga vifungo vya koti juu ya lile gauni, kimoja kimoja, mpaka shingoni, akaniomba nimwonyeshe mlango wa kutokea.