Asali ya Ushirombo Isiyonuka Moshi

Ndoo za asali za Asteria, mchuuzi wa Ushirombo, zilirudi kutoka Kigali zimejaa vilevile kama zilivyoondoka. Ignas, mwenye duka aliyeziagiza, alisema neno moja tu kwenye simu: asali inanuka moshi, wateja hawaitaki.

"Kaiuze Kahama," alisema Mayala, mjomba wake, mrina asali tangu ujanani. "Huku kila mtu anajua asali ina moshi wake. Wao ni nani hata watufundishe nyuki?"

Asteria hakuiuza. Alipanda basi hadi Kigali, akaingia dukani kwa Ignas na kuomba aonje asali wanayoipenda wao. Akaitia mdomoni. Ilinukia maua. Kumbe huo ndio utamu ambao kwao Ushirombo walikuwa wakiuunguza kwa mienge ya moto! Akauliza inarinwaje, na Ignas, bila hiyana, akampeleka kwa mrinaji mmoja. Yule hakutumia mwenge wa moto. Alikuwa na bomba dogo la kupulizia moshi kidogo wa majani makavu, nyuki wakatulia.

Asteria alirudi na bomba kama lile, akawatangazia warinaji waliokuwa wakimuuzia kwamba hanunui tena asali ya mwenge. Msimu ulipofika, wote wakamsusia.

"Ng'wanawane, mwanangu, asali utaipata wapi?" Mayala alimcheka. "Mwanamke hapandi mzinga."

"Shikamoo mjomba. Utaniona nikipanda."

Akavaa suruali ya mumewe, buti na wavu wa uso, akachukua lile bomba, akakwea mti hadi kwenye mizinga aliyoachiwa na marehemu baba yake. Vumilia, jirani yake, alimshikia kamba chini. Wapita njia wakasimama kuangua vicheko. Nyuki walimuuma mkono ukavimba kama andazi, lakini hakushuka mpaka alipomaliza. Mzinga uliofuata, Vumilia ndiye aliyepanda.

Walichuja asali, wakaitia kwenye chupa na kubandika karatasi: Asali ya Ushirombo.

Kigali, Ignas alionja, akafumba macho. "Naichukua yote, mama. Ila nitabandua karatasi yako, nibandike ya duka langu."

"Ilipokuwa inanuka moshi ilikuwa ya Ushirombo," Asteria alisema. "Leo inanukia maua, imekuwa yako?"

Akarudisha chupa kwenye boksi. Ignas hakumwita. Asteria alizunguka na mzigo kichwani juani, maduka matatu yakamkataa, la nne likachukua nusu, jina likiwa palepale.

Nusu nyingine aliiuza stendi ya Ushirombo. Mayala alipita, akachovya kidole, akakunja uso. "Imepooza. Haina ladha ya asali."

"Hii ndiyo ladha ya asali, mjomba. Ile uliyoizoea ni ya moto."

Mayala akaondoka akinung'unika. Asteria akamgeukia Vumilia, wakaendelea kuhesabu wanawake wa Ushirombo waliokuwa wamekuja kuomba kufundishwa kupanda mizinga.