Birika Juu ya Rafu ya Chini

Asubuhi, kabla hata ya kuvua mtandio, karani wa masjala ya hospitali aliweka birika juu ya rafu ya chini, kwenye mafaili ya walioletwa wakiweweseka. Mafaili hayo yalikuwa ya moto. Chai ikachemka, wauguzi wakapita na vikombe vyao, mmoja akalalamikia sukari. Utawala ulilipenda jambo hilo, lilipunguza bili ya umeme.

Faili la aliyepona hupoa. La asiyepona halipoi. Yote yaliandikwa "malaria". Ndiyo desturi ya wodi: faili lisilo na jina la ugonjwa hurudishwa na utawala, basi hata damu ikiwa safi daktari huandika malaria akaenda zake.

Siku hiyo likaletwa faili la kitindamimba wa karani, aliyelazwa usiku shingo imekakamaa. Akaligusa kwa kidole. Moto.

Daktari mtafiti alikuwa palepale, amevaa glavu za jikoni, akichambua mafaili kwa utafiti wake wa homa ya ubongo.

"Daktari, mtoeni mwanangu maji ya mgongo mpime. Damu yake haina malaria."

"Sindano za mgongo hazipo, mama, unajua."

"Basi andika hujui!"

"Nikiandika sijui, faili linarudi." Akaandika malaria.

"Na kwenye utafiti wako ataingia?"

"Nachukua waliopimwa maji tu. Hawa wa moto niwaweke wapi?"

"Kwenye chai," muuguzi akasema, akacheka peke yake.

Mama akakaa na faili mapajani, akimwomba Mungu lipoe. Gauni likaanza kunuka kuungua. Hakuliachia faili.

Homa ikashuka, mtoto akaruhusiwa. Faili likapigwa muhuri wa "amepona", nalo bado likichoma. Mtoto akatembea mwenyewe hadi masjala, akasimama mlangoni kwa adabu.

"Shikamoo. Mama yangu anafanya kazi humu. Umemwona?"

Karani, mama yake, aliinuka.

"Marahaba," akajibu, akamsogezea kiti. "Kaa. Anakuja."

Utafiti ulipotoka, ulisema homa ya ubongo ni nadra sana hospitalini hapo. Sindano hazikuagizwa. Karani akalirudisha faili la mwanawe rafu ya chini, akaweka birika. Chai siku hiyo ilichemka mapema.